Toleo lako limekwama kwenye leseni za watu: dalili, vyanzo na tiba

Timu nyingi za Nairobi zinazotoa programu huria (ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza) hukutana na suala la leseni siku za mwisho kabisa. Programu inafanya kazi, mfadhili anasubiri, tangazo limeshaandikwa, kisha mkaguzi anarudi na jibu kwamba msimbo wa watu wengine uliomo ndani haukufuata masharti ya leseni zake. Hapo hakuna kujitetea. Mfuko wa ubunifu wa UNICEF unataka kazi unayoifadhili iwe huria, kiwango cha mali ya umma ya kidijitali kinadai leseni huria inayotambulika, na F-Droid, duka la programu huria za Android, haipokei programu ya simu iliyobeba vitegemezi (maktaba za wengine ambazo programu inazitegemea) visivyo huria.

Mwongozo huu unafuata dalili, maana mtu huanza na kile anachokiona ndipo atafute chanzo. Lakini kabla ya dalili yoyote, shika jambo hili: kwa leseni nyingi, masharti huanza kufanya kazi pale unapomkabidhi mtu mwingine nakala. Kwa hiyo usikague repo (hifadhi ya msimbo wako) peke yake. Kagua kile atakachopokea mtumiaji: APK (kifurushi cha programu ya Android) atakayoipakua, imeji ya Docker (kifurushi cha programu pamoja na mazingira yake), faili ya JavaScript ambayo kivinjari chake kitaivuta. Repo safi huweza kuzaa kifurushi kisichotimiza sharti hata moja, na kwa kweli ndiko matatizo mengi yaliko.

"Ilani za hakimiliki hazionekani", nawe una hakika zipo

Hii ndiyo dalili inayojitokeza kuliko zote. Leseni ya MIT ni fupi, na watu wakaizoea mno hadi wakadhani haidai chochote. Inadai kitu kimoja: ilani ya hakimiliki pamoja na maandishi ya ruhusa viwemo katika kila nakala au sehemu kubwa ya programu. Leseni ya BSD inalisema waziwazi zaidi: hata ukisambaza programu bila msimbo chanzo, ilani hizo zionekane kwenye nyaraka au vitu vingine vinavyoandamana nayo.

Chanzo chake kwa kawaida ni hatua ya kufungasha. Kwenye kompyuta yako, kila maktaba ndani ya node_modules (folda ya maktaba za JavaScript) ina faili yake ya LICENSE. Ukifungasha, kila kitu hubanwa kuwa faili moja au mbili, na leseni hubaki nyuma. Kuthibitisha ni kazi ya dakika moja. Tengeneza toleo halisi, si lile la majaribio, kisha:

grep -ri "copyright" dist/ | head

Ikitoka patupu, umeshapata jibu. Ikitoa kitu, usishangilie bado. Chukua mfano wa Webpack 5, chombo cha kufungasha JavaScript: inapobana msimbo, huchomoa maoni ya leseni na kuyaweka kwenye faili ya pembeni yenye jina kama main.js.LICENSE.txt. Hapo mambo mawili huharibika. La kwanza, skripti ya kupeleka kazi kwenye seva imeagizwa ikopi *.js na *.css tu, kwa hiyo ile faili ya maandishi haifiki popote. La pili, na hili ndilo gumu kuligundua, faili hiyo hukusanya tu maoni yanayoanza kwa alama ya /*! au yenye @license au @preserve. Maktaba ambayo mwandishi wake aliweka leseni katika faili ya LICENSE peke yake, bila maoni ya namna hiyo ndani ya msimbo, haitaonekana humo kabisa. Unabaki na faili ambayo ipo lakini imepungukiwa, na mtu akiiona anafunga ukaguzi kwa moyo mkunjufu. Afadhali isingekuwepo, maana kukosekana kwake kungemshtua mtu.

Tiba ni kutumia chombo kinachopita mti mzima wa vitegemezi na kukusanya maandishi kamili ya leseni. Kwa npm kuna license-checker. Kwa Python kuna pip-licenses, ukiongeza --with-license-file. Kwa Go kuna go-licenses na amri yake ya save. Iweke hatua hiyo ndani ya utengenezaji wenyewe ili toleo lisikamilike ikishindwa. Kwa programu ya simu weka ukurasa wa "Leseni" kwenye mipangilio, kwa sababu mwenye simu hana folda ya kufungua aone faili zako.

Jedwali lenye safu ya majina ya maktaba na safu iliyoandikwa MIT, MIT, MIT halitoshi. Maandishi ya MIT hubeba jina la mwenye kazi na mwaka. Maktaba 40 za MIT ni ilani 40. Ni ukurasa mrefu, ndiyo, lakini mtu aliyekupa kazi yake bure alikuomba jina lake tu.

Leseni ya Apache 2.0 ya mwaka 2004 inaongeza mawili. Kama maktaba ilikuja na faili ya NOTICE, yaliyomo yafuate kazi yako. Na kama umeibadilisha faili yao, uweke ilani inayoonekana kwamba umeibadilisha. Mstari mmoja juu ya faili unatosha, hata ukiwa wa Kiswahili: "Faili hii imebadilishwa na timu ya mradi huu, 2025." Leseni haikutaja lugha. Ila maandishi ya leseni yenyewe yaache kama yalivyo; ukitaka kuwatafsiria wasomaji wako, weka tafsiri kando ya asilia.

Kuna faili ambayo hakuna ajuaye ilikotoka

Nairobi faili hii mara nyingi ni ya malipo. Fungua mradi wowote unaogusa M-Pesa na utakuta darasa la kuwasiliana na Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa: kipande kinachogeuza namba ya 07 kuwa 2547, kipande kinachounganisha namba ya biashara, ufunguo na saa kisha kuvitia kwenye Base64, na kipande kinachotuma ombi ili mteja aone kisanduku cha PIN kwenye simu. Kazi hii imeandikwa na watu wengi, na wengi zaidi wameinakili.

Dalili zake zinaonekana kwa macho. Mistari mia tatu imeingia kwa mara moja chini ya ujumbe "malipo yamekubali". Faili nzima imetumia nafasi nne ilhali mradi wote unatumia tabo. Maoni yamo katika sauti ya mtu mwingine. Anza na git log --follow juu ya faili hiyo ujue iliingia lini na kwa mkono wa nani, halafu muulize mwenzako kwa upole. Watu hukumbuka wakiulizwa bila kutishwa. Asipokumbuka, tafuta kwenye mtandao maneno ya pekee yaliyomo, hasa ujumbe wa hitilafu wenye kosa la tahajia. Kosa la tahajia halinakiliwi kwa bahati.

Ukikipata chanzo, huwa ni kimojawapo cha vitatu.

Huenda ni repo yenye leseni, na ilani ya juu ilikatwa wakati wa kunakili. Irudishe, mambo yaishe.

Huenda ni Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya wasanidi. Yaliyoandikwa pale yako chini ya leseni ya CC BY-SA: toleo la 2.5 kwa yaliyochapishwa kabla ya 8 Aprili 2011, la 3.0 hadi mwanzoni mwa Mei 2018, na la 4.0 tangu hapo. Hiyo ni leseni inayodai kazi itokanayo ibaki chini ya masharti yaleyale. Toleo la 4.0 linaweza kuingia kwenye kazi ya GPL (leseni inayodai programu itokanayo nayo isambazwe chini ya GPL pamoja na msimbo wake) toleo la 3, lakini haliwezi kugeuzwa kuwa MIT wala Apache. Mstari mmoja wa kupanga orodha hauna la kukusumbua. Mistari thelathini yenye ubunifu wa mtu, iandike upya kwa akili yako.

Au huenda ni repo isiyo na leseni yoyote, na hapa ndipo watu wanapoteleza. Kuwa wazi kwenye GitHub si ruhusa ya kuchukua. Masharti ya jukwaa lile huwaruhusu wengine kuitazama kazi na kuinakili humohumo jukwaani, basi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za uandishi, na ulinzi huanza kazi inapowekwa katika umbo la kudumu, bila kusajili. Usajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, husaidia kuthibitisha umiliki, lakini haki haitokani nao. Na Kenya imo katika Mkataba wa Berne wa kulinda hakimiliki kimataifa tangu 1993, kwa hiyo msimbo wa mtu wa Brazil au India unalindwa hapa kama wa jirani yako wa Kilimani.

Andika ujumbe. Wasanidi wengi wa hapa hujibu, na hujibu vizuri wakiona wameheshimiwa. Uwe wa namna hii:

"Habari yako. Tunatayarisha toleo la programu huria ya vyama vya akiba na mikopo, leseni yake ni Apache 2.0. Ndani yake kuna faili moja iliyotokana na repo yako ya M-Pesa, na hatukuona leseni pale. Tunaomba, ukiridhia, uweke faili ya LICENSE kwenye repo, iwe MIT au Apache 2.0, nasi tutaweka jina lako na ilani yako kwenye toleo letu. Usiporidhia tutaiondoa faili hiyo, na tunakushukuru kwa kazi uliyoifanya."

Zingatia kwamba ombi ni la yeye kuweka leseni kwenye repo yake. Jibu la "sawa ndugu, tumia tu" ni ruhusa yako wewe. Programu huria inahitaji ruhusa inayoendelea: kwako, kwa atakayepakua kwako, na kwa atakayepakua kwa huyo. "Tumia tu" haifiki kwa mtu wa tatu. Akikaa kimya, mpe mtu ambaye hajawahi kuisoma faili ile aandike nyingine kwa kufuata nyaraka za Daraja. Ni kazi ya siku moja mbili, na baada ya hapo faili ni yenu.

Msimbo ni wangu mwenyewe, nao mkaguzi ameukataa

Uliandika moduli ukiwa na mteja wa zamani, sasa unaileta kwenye mradi huria. Kwa mkono ni yako, lakini kwa sheria huenda si yako. Sheria ya Kenya inasema kazi iliyofanywa katika ajira, au iliyoagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa mwajiri au mwagizaji, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Neno "iliyoagizwa" linawagusa wafanyakazi huru wa mji huu kuliko wanavyodhani. Wengi huamini kwamba kwa kuwa hawakuajiriwa, kazi imebaki yao. Fungua mkataba usome kifungu cha umiliki. Kama hakuna mkataba wala kifungu, omba barua fupi kutoka kwa mteja yule inayoruhusu moduli itolewe chini ya leseni mnayoitaka. Kwa kazi zijazo, kifungu hicho kizungumzwe kabla ya malipo ya kwanza.

Kila leseni ni huria, lakini zinagongana

Mgongano unaotokea zaidi ni wa GPL toleo la 2 pekee na Apache 2.0. Zote mbili ni huria, zote zinaheshimika, lakini Free Software Foundation, shirika linaloitunza GPL, inaona kwamba masharti ya Apache kuhusu hataza (haki za uvumbuzi, yaani patent) ni mzigo wa ziada ambao GPL toleo la 2 haliruhusu uongezwe. GPL toleo la 3 la mwaka 2007 lilirekebisha hilo.

Kwa hiyo kabla ya kung'oa maktaba, angalia kama ni kweli "pekee". Maelezo ya kifurushi huandikwa "GPLv2" kwa mkato, na mkato huo hausemi lolote. Fungua faili zenyewe usome kichwa chake. Kama kinaruhusu toleo la 2 au, kwa hiari yako, toleo lolote la baadaye, unachagua la 3 na mgongano umekwisha. Katika SPDX, mfumo wa alama fupi za leseni ambao ni kiwango cha kimataifa ISO/IEC 5962:2021, hizi ni alama mbili tofauti: GPL-2.0-only na GPL-2.0-or-later. Andika iliyo sahihi kwenye faili zako ili anayekuja nyuma yako asihangaike.

Kama umetumia maktaba ya GPL ndani ya programu yako ya MIT, faili zako zinaweza kubaki MIT, lakini programu nzima ikiunganishwa na kusambazwa inafuata GPL. Sema hivyo kwenye README. Kuficha ndiko kunakoharibu.

Leseni ya MPL 2.0 ni ya katikati: faili zao ulizozibadilisha zinabaki MPL na msimbo wake uwe wazi, faili mpya ulizoandika mwenyewe ni hiari yako. Walio kwenye mifumo ya afya wanaijua, maana OpenMRS (mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa), ambayo KenyaEMR imejengwa juu yake, inatolewa chini ya MPL 2.0 pamoja na kanusho la huduma za afya. Kanusho hilo nalo lisipotee njiani.

"Sisi hatusambazi, tunaendesha seva tu"

Kwa GPL ya kawaida hoja hiyo inasimama. Kwa AGPL toleo la 3 haisimami: ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape njia ya kuupata msimbo wa toleo lile wanalolitumia. Ushahidi, jukwaa lililozaliwa hapa Kenya mwaka 2008 baada ya machafuko ya uchaguzi, liko chini ya leseni hii. Ukilichukua ukaliwekea ramani ya kaunti yako na fomu zako, weka kiungo cha msimbo chini ya ukurasa, nacho kielekee kwenye toleo linaloendeshwa. Tawi kuu ambalo seva haijawahi kuliona halikutimizii sharti.

Video inacheza, mkaguzi anakataa FFmpeg

FFmpeg, programu ya kuchakata video na sauti, kwa msingi wake ni LGPL (GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba) toleo la 2.1 au la baadaye. Lakini leseni yake hubadilika kulingana na jinsi ilivyotengenezwa. Endesha ffmpeg -version na usome mstari wa configuration. Ukiona --enable-gpl, ambayo ndiyo hukubali maktaba ya video ya x264 iingie, nakala hiyo yote ni GPL. Ukiona --enable-nonfree, nakala hiyo hairuhusiwi kusambazwa kabisa, hata bure. Amri ya ffmpeg -L itakwambia kwa maneno yake yenyewe. Wengi huchukua nakala iliyotengenezwa tayari na mtu wasiyemjua, wakaandika "LGPL" kwa sababu ndivyo tovuti ya mradi inavyosema. Tengeneza yako, bila sehemu za GPL kama huzihitaji, na kwenye Android iache kama faili ya .so ya pembeni ili mtumiaji aweze kuweka nyingine mahali pake. Hiyo ni haki anayopewa na LGPL.

Imeji ya Docker ina tatizo la jamii hiyohiyo. Ukiisambaza, unasambaza vifurushi vyote vya Debian au Alpine vilivyomo, si msimbo wako tu. Kwenye Debian, ilani ziko ndani ya /usr/share/doc, katika faili ya copyright ya kila kifurushi. Kuna maelekezo ya kupunguza ukubwa wa imeji yanayoifuta folda hiyo nzima. Acha faili za copyright, futa zilizobaki.

Msimbo ni safi, vitu vingine ndivyo vimekataliwa

Fonti zenye leseni huria ya SIL OFL zinaruhusiwa ndani ya programu, ila leseni yake iandamane nazo, na ukibadilisha fonti yenye jina lililohifadhiwa ubadilishe na jina. Font Awesome ya bure ina leseni tatu kwa mpigo: ikoni ni CC BY 4.0, fonti ni OFL, msimbo ni MIT. Ramani za OpenStreetMap, zikiwemo zile ambazo vijana wa Map Kibera walianza kuzichora mwaka 2009, ziko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata huria, na jina la wachangiaji lazima lionekane kwenye ramani yenyewe. Picha au data yenye alama ya NC, yaani isiyo ya biashara, haiwezi kuwa sehemu ya toleo mnaloliita huria. Iondoeni.

Ilikuwa sawa mwaka jana

Maktaba inaweza kubadili leseni kwenye toleo jipya. Terraform, chombo cha kuandaa seva, iliacha MPL Agosti 2023. Redis, hifadhidata, iliacha BSD Machi 2024, kisha mwaka 2025 ikaongeza AGPL kama chaguo kuanzia toleo la 8. Nakala ya zamani inabaki na leseni yake ya zamani, kwa hiyo funga namba ya toleo na ukague leseni kila unapopandisha.

Toleo limeshatoka, na barua imeingia

Jibu siku hiyohiyo, hata kama ni kusema tu kwamba mmepokea na mnashughulikia. Chini ya GPL toleo la 2, ukivunja masharti haki yako ya kusambaza hukatika papo hapo. Toleo la 3 lina huruma zaidi: kama ni mara yako ya kwanza kupewa taarifa na mwenye hakimiliki huyo, ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu kuipokea, haki zako zinarudi moja kwa moja. Hesabu siku hizo tangu barua ilipofika, si tangu mlipoketi kuijadili.

Kisha fuata vifurushi vyenyewe. Kurekebisha tawi kuu hakubadilishi chochote kwenye npm, Docker Hub wala ukurasa wa matoleo, ambako nakala za zamani bado zinapakuliwa. Kama kosa lilikuwa ilani kukosekana, ondoa vifurushi hivyo na utoe toleo jipya lenye ilani. Historia ya git haina haja ya kuguswa. Kama kosa ni msimbo usio na ruhusa, kuufuta leo hakutoshi, kwa kuwa bado umo kwenye historia na kila anayeivuta repo anaupata. Hapo utahitaji git filter-repo, na kuwaarifu wote wenye nakala kwamba historia imebadilika.

Kama mlisambaza programu ya GPL toleo la 2 bila msimbo, mkaahidi kwa maandishi kuutoa ukiombwa, ahadi hiyo ni ya miaka isiyopungua mitatu. Tafuteni kwanza msimbo uleule uliotengeneza toleo lile, pamoja na skripti za kulitengenezea, na muuhifadhi nje ya kompyuta ya mtu mmoja. Mkishautuma kwa aliyeandika, mwambieni ni toleo gani jipya limerekebishwa na mmuombe athibitishe kwa maandishi kwamba ameridhika, kisha wekeni jibu lake kwenye kumbukumbu za mradi.